Hasira ya Naamani

Watu wa Bunyakiri!

Nawaandikia ninyi wa Bulambika na Bitale, ninyi wa Hombo mnaokaa mpakani, ninyi wa Ziralo ambao mkitaka kuiona barabara ya magari mnaanza safari jogoo hajawika. Na nawaandikia wababa kwanza. Wamama nitawafikia. Leo sitaanza na ninyi, kwa sababu kila mhubiri na kila muuguzi akitaka kusema juu ya chanjo huwanyoshea ninyi kidole, na huku mwenye neno la mwisho nyumbani amejikalia kwenye pombe ya kasiksi, anasikiliza mahubiri ya watu wengine.

Neno nililopewa ni la Naamani. Mnamjua: jemadari wa Shamu, mtu wa vita, mpendwa wa mfalme wake, na chini ya mavazi yale mazuri, ukoma. Aliyemwonyesha njia ya kupona alikuwa kijakazi mdogo, mtoto wa kike aliyetekwa vitani. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa mtoto aliyetekwa vitani ni nani. Naamani akafunga safari na farasi, na magari, na fedha, na dhahabu, na mavazi ya kubadilisha. Akafika kwa Elisha. Nabii hata mlangoni hakutoka! Alituma mtu tu, amwambie mkubwa yule akaoge Yordani mara saba. Naamani akawaka. Yeye alitazamia nabii asimame, aliite jina la Mungu kwa sauti, apunge mkono juu ya kidonda, watu waone. Akasema mito ya kwao Dameski inaushinda mto huu, akageuza farasi arudi. Waliomwokoa ni watumishi wake, watu wasio na cheo, waliomsogelea kwa upole wakamuuliza kama angeagizwa jambo gumu asingelifanya. Sasa hili jepesi linamshinda nini?

Bunyakiri, sisi mambo magumu tumeyafanya!

Tangu vita vya 1996, na zaidi baada ya 1998, vijana wetu waliingia msituni. Walikaa chini mbele ya dokta wa wapiganaji wa Mai-Mai, wakachanjwa kwa wembe kifuani na mgongoni, dawa ikasuguliwa ndani ya damu. Walinyunyiziwa maji ili risasi za adui zigeuke maji. Wakapewa masharti: usile kile, usimguse mwanamke, usipeane mkono na asiyechanjwa. Wakayashika. Na baada ya miaka, wapiganaji wa Raia Mutomboki walipokuja na dawa yao, wengine wakakaa chini tena. Simcheki mtu. Kijiji kilikuwa kinachomwa, serikali haikuonekana, kijana alichukua alichopewa. Lakini niambieni, ni baba gani aliyesimama mbele ya dokta yule akauliza wembe umetoka wapi, umekwisha kata wangapi kabla ya mwanangu, na ndani ya dawa ile mna nini?

Hakuna. Tuliwatoa vijana wetu, na wengi tuliwazika.

Leo reko, mhamasishaji wa afya wa kijiji, anapita nyumba kwa nyumba, mama wa watu, kanga yake imelowa umande, anaomba mtoto wa wiki sita aletwe adondoshewe matone mawili mdomoni. Ndipo baba anasimama mlangoni na swali lake: hiyo dawa ina nini ndani? Hiyo, ndugu zangu, ndiyo hasira ya Naamani. Gumu tulilikubali bila kuuliza, na jepesi limetukwama kooni.

Swali lenyewe ni halali, kwa hiyo nalijibu. Ndani ya kichupa mna kijidudu cha ugonjwa kilichouawa, au kilichodhoofishwa kisiweze tena kufanya ubaya wake, au kipande chake tu. Mwili wa mtoto unakiona, unaishika sura yake, unajiweka tayari. Ni kuwaonyesha walinzi wa kijiji shati la mwizi kabla mwizi mwenyewe hajaja usiku. Ndiyo sababu mtoto anaweza kupata joto siku moja au mbili, na paja likavimba kidogo. Baba anasema: mtoto wangu alikuwa mzima, wakamchoma, usiku akawaka moto. Ni kweli, aliwaka. Mwili wake ulikuwa unafanya kazi iliyoupeleka kituoni. Joto likizidi, au likikataa kushuka, au mtoto akishikwa na degedege, rudi kituoni mbio, usingoje asubuhi. Lakini joto dogo la usiku mmoja lisikufanye uichome motoni fishi ya mtoto, kadi yake ya chanjo, maana nimesikia baba aliyefanya hivyo.

Na safari ni ngapi? Mtoto akizaliwa anapata BCG, ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu mkononi, pamoja na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 anapata matone tena, na ile sindano wauguzi wanayoiita Penta, yenye kinga ya magonjwa matano, ndani yake pepopunda, kifaduro na dondakoo, pamoja na chanjo za kuzuia nimonia na kuhara. Akifika miezi 9, surua na homa ya manjano. Safari tano za msingi katika mwaka wa kwanza. Naamani aliingia majini mara saba!

Niruhusuni nikae kwenye surua, maana hii ndiyo inayotumaliza. Surua haihitaji mgusane. Mgonjwa anakohoa ndani ya nyumba, anatoka, anakwenda zake. Hewa aliyoiacha inaweza kumshika mtoto mwingine hata baada ya saa mbili. Mgonjwa mmoja, akiwa kati ya watu wasio na kinga, anaweza kuwaambukiza 12 hadi 18. Sasa zifikirie nyumba zetu. Chumba kimoja cha udongo, watoto wako wanne, na wale wa shemeji yako waliokimbia vita wakaja na godoro moja. Inaanza na macho mekundu na mafua, mama anafikiri ni baridi. Siku ya tatu au ya nne vipele vinatoka usoni, vinashuka kifuani. Kinachoua mara nyingi si vipele. Ni nimonia inayokuja nyuma yake, ni kuhara, na mtoto ambaye miezi yote amekula bugali na sombe bila samaki wala yai hana nguvu ya kupigana. Anayepona anaweza kubaki kipofu. Hata yule anayepona vizuri, surua huweza kumfutia mwilini sehemu ya kumbukumbu ya magonjwa aliyokwisha kuyashinda, akabaki kuyaanza upya.

Mnakumbuka miaka ya Ebola. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 Ebola iliua watu 2,287, karibu wote katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na mwezi wa Agosti 2019 ikaingia hata Mwenga, mkoani mwetu, Kivu ya Kusini. Dunia nzima ilishuka. Magari meupe, mahema, wakubwa wa kutoka nje, ndoo za kunawia kila barieri. Katika miaka hiyo hiyo, ndani ya Kongo hii hii, surua iliua zaidi ya 7,000, walio wengi watoto ambao hawajatimiza miaka mitano. Ndoo yao iko wapi? Kamera iliyokuja kuwapiga picha iko wapi? Walizikwa nyuma ya nyumba na jirani akasema, ni mapenzi ya Mungu. Ugonjwa wa kwanza, ulipoanza, ulihitaji chanjo mpya ambayo dunia ilikuwa bado inaijaribu. Wa pili una chanjo inayotumika tangu 1963. Msimsingizie Mungu!

Sasa wamama.

Kuhusu ninyi Naamani hanisaidii sana, na nasema hivyo makusudi. Yeye alikuwa na farasi. Ninyi wengi wenu hamkuwahi kuikataa Yordani. Yordani iko mbali, na farasi hamna.

Mwone mama aliyetoka mlimani. Mtoto mgongoni, mwingine tumboni, mihogo aliyoiloweka nyumbani inamngoja. Kitenge alichovaa ameazima, kwa sababu siku ya kilo, ya kupima watoto, wenzake wanatazamana, na mwenye nguo iliyochanika huona afadhali abaki nyumbani. Amefika. Amekaa kwenye benchi. Muuguzi anahesabu watoto: wanne. Anakitazama kichupa cha surua. Kina dozi kumi, cha BCG kina ishirini, na unga wa mle ukishachanganywa na maji yake lazima utumike ndani ya saa sita, kinachobaki kinamwagwa. Akikifungua kwa wanne atamwaga dozi sita, na mkubwa wake atamuuliza kwenye ripoti. Basi anasema, wamama, rudini wiki ijayo. Wiki ijayo ni soko. Ni siku ya kuuza mafuta ya mawese, na bila mafuta hakuna chumvi wala sabuni. Mama harudi. Kwenye daftari anaandikwa kwamba amepotea, na kwenye mkutano wa mkoa ataitwa mzazi anayekataa chanjo.

Hakukataa. Alikuja!

Wauguzi wa Bunyakiri, ninyi mnaofanya kazi miezi mingi bila mshahara wa serikali, siwadharau. Nawaheshimu kuliko wachungaji wengi ninaowajua. Lakini fungueni kichupa. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Dozi zilizomwagika zitaandikwa kwenye ripoti na maisha yataendelea. Mama aliyerudishwa mara mbili, huyo hamtampata tena. Na jambo la pili. Nimekaa kwenye benchi la kituo kimoja, sikitaji, nikasikia mama akigombezwa mbele ya wenzake kwa sababu fishi ya mtoto ilipotea. Ilipotea wapi? Kwenye kukimbia, usiku, risasi zikilia. Akaambiwa alete faranga za fishi mpya ndipo mtoto apimwe. Akainuka polepole, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka bila kusema neno. Chanjo ni bure, tunawahubiria hivyo kila Jumapili. Fishi ikiuzwa, chanjo imeuzwa.

Ninyi wamama, msiogope kuuliza. Kwenye kichupa pana kibandiko kidogo: duara lenye rangi, na ndani yake mraba mweupe. Joto likikipata kichupa, ule mraba unaanza kugeuka rangi. Ukiwa bado mwepesi kuliko duara, dawa ni nzima. Ukilingana nalo au kulipita kwa weusi, dawa hiyo isiingie kwa mtoto. Mwambie muuguzi akuonyeshe. Hahitaji kukasirika, maana hata yeye ndicho anachokitazama. Kibandiko hicho hakihitaji kujua kusoma.

Kwa hiyo wababa, mwenye farasi ni nani? Ninyi. Hata kama hamna pikipiki, mna ruhusa mkononi, na ruhusa katika nyumba zetu inakimbia kuliko pikipiki. Mama anajua tarehe. Anazishika kichwani, wiki ya sita, wiki ya kumi, kuliko unavyoshika madeni yako. Anachongoja ni wewe useme, nenda. Na wengine hamsemi nenda wala usiende. Mnanyamaza tu, na kunyamaza kwenu kunamfunga mama mlango. Wengine mnaogopa, na haya zinawazuia kusema mnaogopa. Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mwanamume, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali kule Merca, Somalia, Oktoba 1977. Chanjo ilikuwepo hospitalini humo humo. Aliikwepa kwa sababu aliona sindano inauma. Alipona, na baadaye akawa mtu wa kuzunguka vijijini kuwasihi wazazi wa Somalia wawapeleke watoto kwenye polio, akiwasimulia woga wake mwenyewe. Ndui iliyowafanya babu zetu wazike ukoo mzima, leo daktari kijana wa Bukavu hajawahi kuiona kwa macho. Haikuondoka kwa kukemewa.

Hapo nimewagusa wachungaji wenzangu, na sitatoa mkono.

Kuna madhabahu hapa kwetu ambapo mtoto mwenye homa analetwa saa tatu usiku, tunamwekea mikono hadi saa nane, na kituo cha afya kiko mwendo wa dakika chache. Kuna nabii aliyesema sindano ni alama ya mnyama. Kuna wengine hawasemi lolote, ila wakimwona mama na fishi wanatikisa kichwa, na mama anaelewa. Someni habari za mfalme Hezekia! Alikuwa mgonjwa wa kufa. Akalia, na Mungu akampa ahadi kamili: utapona, nimekuongezea miaka kumi na mitano. Ahadi ilikwisha kutoka. Na baada ya ahadi hiyo nabii Isaya akafanya nini? Akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Isaya! Aliyemwona Bwana katika kiti cha enzi hakuona aibu kuagiza dawa. Sisi tulioona nini tunaona aibu?

Na hata hatuhitaji kwenda mbali hadi Yerusalemu. Bukavu alikuwako mchungaji wa Kipentekoste aliyekuwa akizunguka kuwaombea wagonjwa, na mwanawe mdogo akimfuata. Siku moja waliombea mtoto mgonjwa sana, wakaondoka. Kijana akamuuliza baba yake: mimi nikiugua unaniombea na dawa unanipa, mbona huyu umemwombea tu? Baba akamjibu kwamba yeye ni mchungaji, kazi yake ni kuomba. Dawa wanatoa waliojifunza kuitoa. Kijana akasema basi yeye atakuwa huyo wa kutoa dawa, na baba aendelee kuomba. Kijana huyo ni Denis Mukwege, daktari wa hospitali ya Panzi, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Mchungaji yule hakupungukiwa na upako kwa kukiri mpaka wa kazi yake. Fanyeni hivyo. Jumapili kabla ya siku ya chanjo, itangazeni mimbarani, kabla ya sadaka, wakati watu bado wako macho.

Wapo ndugu zetu wa dini ya Kitawala, na juu yao nataka niseme kwa adabu, kwa sababu wengine wanawasema kwa matusi. Hawa hukataa chanjo, kodi, kuandikishwa, karibu kila kitu chenye mkono wa serikali. Hawakuota usiku mmoja. Wakati wa Mbelgiji, aliyekuja kuhesabu watu, aliyekuja kudai kodi, na aliyekuja kuwapanga mstari wachomwe sindano walikuja na askari yule yule na fimbo ile ile. Mwaka 1944 watu wa Kitawala waliinuka katika sehemu za Masisi na Lubutu, na wakapondwa vibaya. Mzee aliyelelewa na kumbukumbu hiyo akimwona mtu na daftari na sanduku, moyo wake unajua kitu kimoja. Wazee wangu, kumbukumbu hiyo msiitupe. Lakini surua haikutumwa na Brussels wala na Kinshasa. Inaingia kwa anayekataa na kwa anayekubali, na inamchukua mtoto ambaye bado hajachagua lolote. Waleteni wauguzi ninyi wenyewe, kwa masharti yenu: bila askari, bila kuandika majina ya wakubwa, mbele ya mzee mnayemwamini. Na serikali ikubali kuja hivyo.

Halafu kuna maneno ya simu. Chanjo inafunga uzazi. Wazungu wanataka kutumaliza. Mbona bure, na barabara hawatupi? Hilo la barabara ni swali zuri kuliko yote, na mimi ninaliuliza pamoja nanyi: kutoka Bukavu hadi kwetu ni kama kilomita 80, na mvua ikinyesha upande wa Kahuzi-Biega lori linalala siku mbili kwenye tope. Tuidai barabara. Tuidai kwa sauti, na watoto wetu wakiwa hai watatusaidia kuidai. Hilo la uzazi, tazameni wenyewe. Wasichana waliochanjwa huku miaka ya 1980 leo ni mabibi, hesabuni wajukuu. Mwaka 2014 hata maaskofu Wakatoliki wa Kenya walitilia shaka hadharani chanjo ya pepopunda wanayopewa wanawake, serikali na Shirika la Afya Duniani wakakanusha, na maneno yale bado yanatembea. Na msidhani uvumi ni ujinga wa watu wa msituni. Mwaka 1998 daktari wa London, Andrew Wakefield, aliandika katika jarida kubwa la udaktari akiihusisha chanjo ya surua na usonji wa watoto. Mwaka 2010 jarida likaifuta makala yake na yeye akanyang'anywa ruhusa ya kutibu. Wazungu waliosoma bado wanamwamini, na surua inawarudia.

Nitasema na lile ambalo wahubiri wa chanjo huwa wanalificha, maana uongo mtakatifu ni uongo. Mnasikia kwamba polio nyingine inatoka kwenye matone yenyewe. Ni kweli. Machi 2023 ilitangazwa kwamba virusi vya namna hiyo vimeonekana kwa watoto wa Tanganyika na wa Kivu ya Kusini, na kwa jirani zetu wa Burundi. Inakuwaje? Kirusi kilichodhoofishwa kinatoka katika kinyesi cha mtoto aliyepewa matone. Pale ambapo watoto wengi wana kinga kinakosa pa kwenda, kinaisha. Pale ambapo wengi hawana, kinapita mtoto hadi mtoto, mwezi baada ya mwezi, kinabadilika, hadi kinarudisha meno. Kwa hiyo nyumba kumi zinazokubali katikati ya nyumba thelathini zinazokataa haziko salama, na zile thelathini ndizo za hatari zaidi. Majimbo ya Nigeria ya kaskazini, Kano likiwamo, yalisimamisha matone ya polio mwaka 2003 kwa sababu ya uvumi wa utasa, na polio ikatoka huko ikaingia nchi nyingi ambazo zilikuwa zimekwisha kuimaliza. Nani alilipa? Watoto ambao baba zao hawakuwahi kusikia jina la Kano.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye bunduki, wa upande wowote, maana na ninyi mna watoto na wake zenu wanajifungua katika vijiji hivi hivi. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipochukua kiwanja cha ndege cha Kavumu na mji wa Bukavu, njia ya dawa kuja kwetu imezidi ugumu. Chanjo inataka baridi, nyuzi 2 hadi 8, kutoka ghala la Bukavu hadi kwenye paja la mtoto. Motari anapofika kwenye barieri yenu na sanduku la baridi, mkamsimamisha juani mkibishana juu ya faranga elfu mbili, barafu inayeyuka. Mwaka 1999, vita vikiwa vimechacha, waliokuwa wanapigana katika Kongo hii walinyamazisha bunduki siku chache ili watoto wapewe matone ya polio. Waliweza wale, na chuki ya wakati ule mnaikumbuka. Sanduku la baridi lipite bure, lipite upesi, na mtu asiguse.

Na wewe unayesoma karatasi hii, au unayesomewa, kama nyumbani kuna mtoto chini ya mwaka mmoja, itafute fishi yake leo jioni uangalie mstari gani uko wazi. Fishi imepotea? Nenda bila fishi. Mtoto amechelewa mwezi, au miezi mitatu? Mpeleke hivyo hivyo. Wanaendelea pale mlipoishia, hawaanzi upya. Siku ya chanjo ya kituo chenu mnaijua. Baba, safari hii mbebe wewe.